Pini ya Dakika ya Pili

Nyanzala kaniletea simu badala ya kitambaa.
"Shangazi, nguo ni hizi. Tuko watano.
Mahafali ni Jumamosi ya mwisho."
Bando kaninunulia yeye,
akaniachia kioo chenye ufa
juu ya meza ya cherehani, hapa Ng'ambo, Tabora,
kati ya chaki na sare za shule zinazosubiri vifungo.

Basi nikatazama. Wao hutazama kwa mabega.
Mimi natazama kwa futi.

Dakika tatu na sekunde ishirini,
nguo mara kumi na moja.
Nilidhani wasichana ni ukoo mzima,
kumbe watano, kama hawa wa kwetu,
wanabadilishwa nywele kabla sijalijua jicho la hata mmoja.
Kamera haitui. Nzi kwenye sega la asali ana utulivu zaidi.
Ilitua mara moja tu: kwenye chupa ya soda,
chapa imetugeukia.

Nikaona moto, gari linaungua,
na satini iko hatua mbili, haina habari.
Satini naijua mimi. Ipitishie pasi ya mkaa
kwa hasira kidogo tu, inajikunja kama kiwavi.
Nikaona mvua. Wanja uko palepale.
Nikaona treni,
na hapo nikaweka mkasi chini.

Sisi watu wa njia panda ya reli
mtudanganye kwa kingine.
Behewa tupu, viti vya zambarau,
hakuna kuku chini ya kiti,
hakuna dumu la asali lililozibwa kwa lailoni,
hakuna aliyelala mdomo wazi tangu Kaliua.
Dirishani taa ileile inapita, mara ya tatu, mara ya nne.
Hiyo treni haiendi, Nyanzala.
Imesimama, wanaitikisa.

"Anaimba nini huyu wa nywele za bluu?"
"Ameachwa, shangazi. Moyo umepasuka."
"Umepasukia wapi? Mbona sioni mshono?"

Akacheka hadi akakalia sare za watu.
Kisha akainuka akacheza, palepale penye vipande,
mikono ikikata hewa, shingo ikifuata,
na lazima niseme: hatua ni za kweli.
Hatua hazikushonwa jana.
Kuna mtu kazirudia hadi ukucha ukang'oka.

Usiku umeme ukakatika. Nikabaki na simu,
asilimia kumi na nne.
Nikairudisha nyuma, nikaisimamisha kwa kidole gumba,
nikitafuta zipu inapita wapi.
Dakika ya pili, sekunde ya arobaini na moja,
yule wa nne, asiyepewa hata mstari wa kuimba peke yake,
anageuka,
na mgongoni, juu kidogo ya kiuno, kitu kinameta.

Pini.

Si pambo. Pini ya kubania,
kama hizi zangu kwenye kopo la blubendi.
Nguo ilimzidi.
Alikonda kati ya kupimwa na kuvaa.
Na kuna fundi, nje ya mwanga wote ule,
pini tatu mdomoni, ya nne mkononi,
alipiga goti nyuma yake akamwambia kwa lugha yao,
nadhani, maana ndivyo tunavyosema sote:
simama wima, usipumue.

Nilimtazama yule binti hadi simu ikazima.
Nusu sekunde, wakasahau kumficha.

Asubuhi Nyanzala kaja mbio, lapa mkononi.
"Umeziona? Utaweza?"
Nitaweza. Satini ya sokoni, si ile inayokataa moto.
Kola nitaibadili, inanyonga.
Zipu nitaiweka ubavuni, na ndani ya kila mshono
nitaacha inchi mbili, mwili ni wenu, utaongezeka.
Pesa nusu kwanza.
Waambie wenzio Jumatano nawapima.

Na mje mmekula.