Rula

Kila alfajiri, hata kahawa haijachemka, Suleyum
hunihamisha kitandani, hunyanyua godoro,
hufungua kifuniko cha tangi, huchovya rula ya mbao,
kisha hunisomea maji kama kadhi anayesoma mirathi:
“Kumi na nne, Bi Thureya. Jana kumi na sita.
Nani kaosha nywele?”

Nimeosha mimi.
Miaka thelathini na moja nimepokea watoto wa watu
wodi ya wazazi, Maskati, bomba wazi,
maji mpaka viwikoni,
leo nahojiwa kwa vikombe vitatu.

Nyumba ya Al-Khoudh tumempangisha daktari wa macho.
Vyumba sita, na ukikohoa kimoja
vitano vinakujibu.
Sasa tuna mita kumi na moja za fibaglasi,
choo cha kupampu kwa mkono,
jiko linalobembea kama susu la mtoto mkaidi,
na wali naupika nimejifunga mkanda kiunoni
nisije nikaingia sufuriani na bizari.

Dada yangu Khole hupiga simu:
“Nchi kavu mmekosa nini?”
Namwambia, kiyoyozi tu.
Hucheka. Hajui kama sitanii.

Huku Musandam milima haina jani la kufungia hata chumvi.
Imeingia baharini magoti kwanza, kama ngamia.
Jua likishazama ndipo mwamba unapoanza kutema moto,
saa tatu, saa tano, bado unatema,
nasi tumelala juu ya sitaha chini ya shuka bichi.
Saa nane yanapita maboti ya mbio kwenda ng’ambo,
hayana taa, yana haraka zao,
mawimbi yao yanakuja ghubani yamechelewa,
yanatubiringisha: mimi juu yake, yeye juu yangu,
wazee wawili wenye vidonge vya presha,
tunacheka mpaka mbuzi wa mlimani wanalia.

Kijiji kile cha nyumba saba huletewa maji kwa boti.
Hata hivyo mama mmoja alitujia na galoni mbili.
Pesa hakutaka. Alitaka ndimu.
Nilimpa zote, na kitunguu kimoja kilichoanza kuota.

Juzi upepo uligeuka usiku, nanga ikateleza.
Suleyum mbele, kavaa bukta, anavuta mnyororo na kutukana,
mimi kwenye usukani, mwamba unakuja
na uso wake wote.
Vikombe vilishuka. Msahafu niliudaka.
Rula ilitoka rafuni, ikapiga ngazi, ikaruka
ikaenda na maji.

Tulipotia nanga upya kulikuwa kumepambazuka.
Aliiona inaelea, mbali, nyembamba kama njiti ya kiberiti,
na mume wangu huyu, mwenye kisukari,
anayeingia baharini kwa ngazi, mguu mmoja mmoja, na bismillahi kumi,
akajitupa.

Sikupiga kelele. Nilihesabu pumzi zake
kama nilivyokuwa nikihesabu za wengine.

Rula ile ina jina lililochongwa kwa ncha ya bikari:
QAIS, 5B.
Yuko Doha. Tangu tupangishe nyumba
hutuma salamu za Idi kwa maandishi,
zile zile anazotumiwa kila mtu.

Suleyum alirudi nayo mdomoni,
mikono ilikuwa na kazi ya kuogelea.
Nilimfuta kichwa, nikamwita mpumbavu mara tatu,
nikammiminia maji baridi, matamu, kutoka kichwani hadi miguuni,
na hakuuliza ni vikombe vingapi.

Leo nimepima mimi.
Karibu na kumi na mbili pana vidimbwi viwili kwenye mbao,
hapo ndipo alipokuwa akiuma, hesabu zikimshinda.
“Eti?” ananiuliza kutoka juu. “Yamefika wapi?”
Nimeweka kidole pale, bado kumelowa.
“Yamefika kwenye meno,” namwambia.
Kimya. Kisha nasikia anavuta kamba ya tanga.
“Basi Khasab tutafika,” anasema.
“Kule simu inashika.”