Kimo cha Mbuzi

Kavira, ramani yako nimeipa kumi na tisa juu ya ishirini.
Moja nimeibakiza. Daftarini sikuandika sababu,
naiandika hapa.

Umeichora Mugunga mpaka maji ya Kivu yanapoanza,
mistari ya mwinuko imelala kama mikunjo ya kitenge kipya,
mashimo ya mawe meusi umeyatia zambarau,
na pembeni, kwa wino: «Kaboni dioksidi,
nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni.»
Kweli tupu. Hakuna msahihishaji wa mtihani wa taifa
ambaye angekukata hata nukta.

Lakini Jumanne nilikuona pale njia panda ya Sake.
Ulimsimamisha Paluku na chukudu yake, magunia manne ya makaa,
ukamkunjulia karatasi juu ya usukani.
Aliitazama kwa adabu,
kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi asiyoalikwa.
«Haya madoa ya zambarau ni mashamba ya nani?»
Ukamwambia kaboni. Ukamwambia dioksidi.
Akakushukuru, akaegesha chukudu,
akashuka kujinyosha penye kivuli kidogo, chini,
ndani ya zambarau yako mwenyewe.

Hapo ndipo nilipokusikia.
«Baba Paluku, usilale! Mazuku!
Yanafika kimo cha mbuzi! Simama!»
Akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.
Hakuuliza kimo cha mbuzi ni sentimita ngapi.
Anafuga. Anakijua kwa goti lake.

Neno lile hukulitoa kwenye kitabu changu.
Ni la nyanya yako, yule usiyemtaja darasani
kwa sababu anasema ni pepo.
Basi jioni kaa naye jikoni, umpelekee ramani,
na usimsahihishe upesi.
Muulize kwa nini alfajiri isiyo na upepo
hatumi mtoto kuchota maji kwa njia ya bondeni.
Muulize aliokota wapi wale ndege waliokufa bila jeraha.
Ramani yako ina kaskazini, ina kipimo, ina ufunguo.
Haina saa. Nyanya ana saa.

Kisha nenda kwa shefu wa avenyu,
na huyo usimpelekee pepo wala mbuzi.
Anataka hesabu: mashimo saba, vibao saba,
mifuko miwili ya saruji, nani atalipa rangi nyekundu.
Mpe ukurasa mmoja. Wa pili hafungui.

Mdogo wako Kambere ndiye alinishinda.
Alinifuata getini, kamasi zimemkauka,
akauliza: «Mwalimu, jua likitoka mazuku yanaenda kulala wapi?»
Jibu la kitabu ninalo, nikaanza kulisema,
jinsi upepo unavyoyachanganya na hewa nyingine,
nikaona macho yake yanahamia kwenye mpira.

Ile moja bado iko kwangu, Kavira.
Mjibu yeye kwanza.
Nitakuwa nimesimama karibu, nasikiliza.