Mluzi wa S

Huko Redruth, ambako bati limekwisha ardhini
na mabomba ya mawe yamebaki yamesimama bila moshi,
Loveday Trembath ana meno ya kununua.
Ya juu yanacheza. Kila akitamka s
hutoka na mluzi mwembamba,
kama birika lililotaka kuchemka likaghairi.

Na s ndiyo ya kwanza.
Kitabu alichoazimwa kimesema hivyo:
anza na s, kisha a, kisha t,
usimtajie mtoto jina la herufi, mpe sauti yake.
Jina la paka halikamati panya.

Basi Jumatatu, binti yake Morwenna alipokwenda zamu
kufunga mikate ya nyama, ile ya kukunjwa kama sambusa
ila ukubwa wake ni wa kiatu,
Loveday akamwaga unga mezani, akachora nyoka kwa kidole.
"Sss," akasema, na mluzi ukatoka.
Jory, miaka minne, meno yake yote kinywani,
akaitazama midomo ya bibi kama fundi wa saa,
akakunja ulimi, akakosa, akakosa tena,
"Sss."
Na mluzi juu yake.

Sauti tatu zilikaa mbalimbali kama wageni wasiojuana.
"Zisogeze," akasema bibi.
Akazisogeza.
"Bado zinaoneana haya. Zisogeze."
Ghafla zikagusana: *aliketi!*
Neno zima!
Jory akaketi palepale sakafuni
ili liwe kweli.

Baadaye yakaja mambo ya dhuluma.
K ya kisu, kwao, imeandikwa na haisemi.
"Zamani ilisema," akaeleza bibi, "ikachoka."
E ya mwisho nayo hunyamaza mkiani,
huku ikikanyaga mguu wa irabu iliyotangulia
mpaka itaje jina lake.
"Kama haitaki kusema, mbona imekuja?"
"Babu yako alikuwa hivyohivyo kanisani.
Alikuja, akakaa, hakuimba.
Lakini benchi lilijua yupo."

Mwezi wa tisa, barua ya shule:
Jory anasoma kuwapita wenzake, tunashukuru,
ila kwa sababu ya s yake
tunaomba apimwe masikio.
Morwenna aliisoma wima, wavu wa kazini bado kichwani,
akacheka, halafu akamwona mama yake
amefunika mdomo kwa kiganja.

Pesa za mapazia zilipanda basi hadi Camborne
zikarudi meno mapya, yametulia kama vigae.
Jioni ile, "Sss," akasema Loveday,
safi, shuka iliyopigwa pasi.
Jory akafunga kitabu.
"Hiyo siyo."
"Ndiyo yenyewe, mwanangu. Ile ilikuwa mbovu."
"Siyo."

Siku tatu aliruka kila penye nyoka.
Akaruka jua, akaruka nyota,
akamwacha dada wa hadithi peke yake njiani,
maana kwao wote watatu huanzia hapo.
Bibi akasikiliza hadithi yenye matundu,
giza mchana, giza usiku,
na msichana asiyefika nyumbani.

Siku ya nne akafungua kabati.
Meno ya zamani yalikuwa kwenye kikombe cha harusi
kilichovunjika mkono.
Akayavaa kama mtu avaavyo koti la kazi:
nusu saa tu, kisha yarudi.
Jua likachomoza ukurasa wa sita, likipiga mluzi.

Jumamosi ni zamu ya Morwenna kusoma na mtoto.
Leo Alhamisi, saa nane za usiku,
mkanda unapita na mikate yake ya moto,
naye anabana ulimi nyuma ya meno mazima, anapuliza.
Upepo mtupu.
Denzil, ng'ambo ya mkanda, anauliza anamwita mbwa gani.
Anatikisa kichwa,
analowesha midomo,
anapuliza tena.