Boksi la Mayai

Dada yangu Uberlinda alipanga vidonge vyangu
ndani ya boksi la mayai, shimo moja kwa siku moja,
vyeupe vya asubuhi, cha manjano cha usiku,
akalifunga kwa mkanda wa aproni
na kuandika juu yake: HAVIKAANGWI.
Mashimo kumi na mawili. Siku kumi na mbili
kati ya dripu moja na nyingine.
Hiyo ndiyo ruhusa tuliyopewa, mimi na tumbo langu.

Daktari wa Puerto Montt alisema nami kwa -nge-:
ungepumzika, ungekaa karibu, ingekuwa busara.
Uberlinda hana -nge- kinywani.
Tutapanda basi, alisema. Utakula. Utamwona mwanao.

Sisi ni watu wa Chiloé,
kisiwa ambacho mvua haiji; ipo tu,
kama shemeji asiye na kazi.
Nguo zetu hukaukia juu ya jiko,
hunuka moshi mpaka harusini.

Nolfa alijialika mwenyewe.
Miaka kumi na tisa tulisimama bega kwa bega
kiwandani, tukiwatoa kome magambani mwao,
chumvi ndani ya kila mkato wa kidole,
na siku nilipomtajia neno lile, saratani,
alinyamaza, kisha akaniambia bei ya viazi.
Nilimchukia hadi jioni.
Jioni nikaelewa: alikuwa amenishika mkono
kwa kitu pekee alichokuwa nacho.

Siku mbili basini.
Baada ya Santiago nilitapika katika mfuko wa mkate,
Nolfa amenishika kichwa kwa viganja viwili
kama sufuria ya maziwa inayotaka kufurika,
huku akimkemea dereva
kwa kona ambazo hakuzichora yeye.
Kijana wa kiti cha nyuma, asiyejua jina langu,
alinipitishia ndimu. Nusu.
Nusu nyingine alikuwa ameshaila.

Calama. Mwanangu Eleuterio alisimama kituoni
na vumbi la mgodi kwenye nyusi.
Miaka minne. Alinitazama kama mtu anayesoma bili,
kutoka juu kwenda chini, akitafuta jumla.
Hakulia. Aliinama akafunga kamba za viatu vyangu,
zilizokuwa zimefungwa tayari,
akazifunga tena.

Kesho yake alitupeleka jangwani kwa gari la kazi,
mahali ambapo mvua ni uvumi.
Uberlinda alikuwa amefua soksi zetu alfajiri
na, kwa mazoea ya kisiwani, alizibeba mbichi
atafute pa kuzianika kwa siku tatu.
Akaning'iniza ya kwanza kwenye kioo cha gari.
Alipofika ya sita, ya kwanza ilikuwa imekauka,
ngumu kama samaki wa kuanikwa.
Akaishika. Akainusa. Akanipa niishike.
Nolfa akavaa yake masikioni.
Tukacheka, wanawake watatu wa mvua,
mpaka Eleuterio akaugeuzia upepo uso
na kusingizia vumbi.

Sikupona. Niseme hapa, msije mkanidai.
Tumbo ni lile lile, na usiku wa jangwa una baridi
inayoingia mfupani bila kubisha hodi.
Lakini nilikula mkate wangu wote
na kipande cha Nolfa.

Niliporudi kwenye dripu, nesi aliomba kuona dawa.
Akafungua boksi.
Katika shimo la nne, kidonge cha manjano
nilichokisahau usiku ule wa soksi; akaniangalia vibaya.
Katika la mwisho, soksi yenyewe,
imekunjwa ikawa na ukubwa wa yai.

"Na hii unameza saa ngapi?"

Uberlinda, kabla sijafungua mdomo:
"Kila mvua ikinyesha."