Jiwe la Igogo

Baba alichora drafti juu ya jiwe
kwa rangi iliyobaki alipopaka geti.
Visanduku sitini na vinne, kimoja kimepinda
kwa sababu Nyanjige, miaka mitatu,
alimkalia mkono.

Jiwe lilikuwepo kabla ya nyumba.
Nyumba ndiyo iliyoomba nafasi:
ukuta wa jikoni ulikata kona kulipisha,
bati likanyolewa shavu,
na mama alifagia mpaka chini yake
kama anayefagia miguuni pa mgeni asiyeaga.

Jumapili baada ya misa walipanda:
Lugembe kinyozi, mkasi mfukoni,
Malimi wa kivuko cha Kamanga, aliyeongea kwa sauti ya honi,
na Ndatulu ambaye maisha yake yote hakuwahi kufungwa,
alichoka tu.

Kete zilikuwa vizibo vya soda,
vya baba vikitazama mbinguni, vya mgeni kifudifudi.
Kimoja kiliibwa na pimbi, Lugembe aliapa,
tukaweka kifungo cha shati la shule.
Kifungo hicho kiliingia kingi
kuliko vizibo vyote.

Mimi kazi yangu matobolwa na karanga.
Hakuna aliyenifundisha.
Nilishika sahani muda mrefu kuliko sahani inavyotaka,
nikajua Ndatulu hukuna goti akitega,
nikajua baba hutoa kete moja sadaka
kisha anakula tatu, mojamoja, bila haraka,
na kusema, "Samahani, jirani."

Halafu nyumba ikauzwa.
Fuso ilibeba kabati, vitanda, kuku wanne.
Baba alilizunguka jiwe, akalipiga kofi
kama unavyompiga ng'ombe uliyempokea bei yake.
"Hili waachieni," alisema,
na wala hakuna aliyekuwa ameuliza.

Buswelu ni tambarare.
Tulimnunulia drafti ya mbao, Makoroboi, ya kukunja.
Alishukuru sana.
Mama akawa anakatia vitunguu juu yake.
Masika ya pili tukamzika huko,
kwenye udongo laini, usio na jiwe hata la kukaa.

Krismasi hii tulijaa. Nyanjige na wanawe kutoka Geita,
kaka Sospeter na simu yake isiyolala.
Pilau ikaisha, watoto wakagombea rimoti,
na siku ya pili, sijui nani alianza kuvaa viatu,
tukajikuta tunapanda Igogo.
Mama aliishia dukani, katikati ya mlima:
"Magoti yangu yamefika. Mnisalimie."

Jiwe lilikuwa limeanikwa dagaa.
Mama Kagemulo, mwenye nyumba sasa, alitusikiliza,
akachukua ufagio, akawasogeza,
mijusi ya vichwa vyekundu ikakimbia.
Chini ya dagaa, drafti.
Ya kijani. Mbichi.
"Nilikuta mistari inafutika," alisema Byera, mwanawe,
kwa sauti ya mtu anayekiri kosa.
Kile kisanduku kilichopinda
alikipaka hivyohivyo, kimepinda.
"Nilidhani ndiyo sheria yake."

Nyanjige akacheka mpaka akakaa chini.
Mimi nikafungua kopo la vizibo.

Mtoto wa miaka kumi na moja! Nikampa sadaka.
Drafti haina adabu ya kukataa, ukipewa lazima ule.
Akala. Nikanyoosha mkono nile tatu zangu,
na ulimi tayari umeshika ile "samahani"
nilipoona zipo mbili tu,
na nyuma ya ya pili, wazi kama mlango,
njia yake hadi nyumbani kwangu.
Kifungo kikaingia kingi.
Hakuomba samahani. Alinusa vidole, dagaa, akasubiri.

Ziwa lilikuwa linang'aa huko chini, honi ya Kamanga ikalia,
na kutoka dukani mama akapaza sauti
mlima mzima usikie:
"Nani kafungwa?"

"Hakuna," nikajibu. "Nimechoka tu."