Siku Mia na Kumi na Mbili

Darasa la jioni, Tudor. Feni moja, nayo haizunguki.
Mwalimu Mwadime ameandika ubaoni: *uamuzi*,
akavuta mshale mrefu, akamalizia: *katika hali ya kutojua*.
Nikacheka peke yangu kule nyuma.
Hali hiyo ndiyo mimi.

Nina mikokoteni mitatu Mwandoni,
mitungi sitini ya manjano,
na kila alfajiri swali ni lile lile:
bomba leo litatoa, au halitatoa?
Kila mtungi nikiujaza nalipa.
Likitoa, maji yangu ni mzigo,
nitayaoga jioni kama sultani aliyefilisika.
Lisipotoa, nami nimejaza ishirini,
kina mama watanipita wamfuate Chengo,
aliyejaza yote sitini
na hajui hata asilimia ni mnyama gani.

"Usiniambie unavyohisi," akasema mwalimu.
"Niletee sampuli."

Nikaokota kipande cha mkaa jikoni kwa Saumu,
nikaanza ukutani, nyuma ya mlango wa uani:
mstari uliosimama, maji yametoka;
mstari uliolala, hakuna.
Siku kumi. Siku thelathini.
Saumu akauliza, "Hilo deni la nani?"
Siku mia na kumi na mbili.

Na kitu kikaanza kuonekana.
Mistari iliyosimama haiji mmoja mmoja.
Huja kama wageni wa harusi:
ukimwona wa kwanza, wawili wako nyuma yake wanavua viatu.
Nikapata wastani. Nikapata mkengeuko.
Nikajua, kwa mara ya kwanza maishani,
kukosea kwa kipimo.

Likaingia kumi la mwisho la Ramadhani.
Mwana Shee, mwenye nyumba, akaleta fundi na ndoo mbili za chokaa,
nyumba ipendeze kwa Idi.
Nilirudi saa kumi, nimefunga, ulimi umekauka.
Ukuta mweupe pe.
Fundi anafuta mikono. "Watoto wenu," akaniambia,
"walikuwa wamepachafua sana hapa."

Zimebaki wiki mbili muhula kwisha.
Nikafungua daftari, nikajiambia: nitakumbuka.
Nikakumbuka, wallahi, vizuri mno!
Ile siku bomba lilitoa nikiwa na mitungi yote imejaa.
Ile nyingine, gurudumu limepasuka Kongowea,
nafika, watoto wanaogeshwa barazani.
Ile ya Chengo kunipungia mkono.
Nikajaza siku sitini kutoka kichwani:
maji yametoka siku arobaini na moja.

Saumu akasoma huku anapepeta mchele.
"Arobaini na moja?"
Akaupuliza mchele, makapi yakaruka.
"Yangetoka hivyo, sisi tungekula nini?
Ile risiti ya ada iliyo kabatini, ililipwa na siku gani?"

Nikanyamaza.
Ililipwa na siku kavu.
Na siku kavu sikuzikumbuka hata moja,
zilipita laini kama sarafu mfukoni.
Jirani anaosha vyombo kwa kikombe kimoja,
mimi nahesabu chenji, nalala fofofo.

Nikaipeleka kazi hivyo hivyo ilivyo.
Mwalimu Mwadime hakuandika alama.
Pembeni, kwa wino mwekundu, ameuliza:
*Nani alikusanya sampuli hii?*
Nikajibu kwa kalamu ya risasi, neno moja:
*Hasara.*

Idi pili. Saumu ametundika kalenda ya duka la saruji.
"Andika hapa," akasema, "hapapakwi chokaa."
Lakini mimi nimesimama uani, mkaa mkononi,
mbele ya weupe wote ule.
Sijui niombe nini.
Bomba likakohoa.
Huenda ni maji, huenda ni upepo tu,
na ng'ambo ya ukuta nasikia ndoo ya jirani
ikiburutwa, taratibu, kulielekea.