Mwache

Kwenye bonde la mpunga, chini ya Ole,
maji yakiwa ya kifundo na tope la baridi,
kuna kijimea kifupi kuliko kidole,
shina la uzi,
na juu yake ua la zambarau,
dogo, punje moja ya mpunga ikililalia
halionekani.

Hufunguka saa tatu asubuhi. Adhuhuri limeshafumba.
Ukipita umeinama, unaliona.
Ukipita umesimama, ni tope tu.

Bwana shamba Faki alikuja na buti zake za mpira:
"Hili gugu. Linakula mbolea. Ling'oeni lote."
Tukang'oa. Mimi, shangazi Mkasi, watoto wa Shaame,
mafungu mafungu tukayatupa juu ya tuta
yakauke, yanuke kama nguo iliyosahauliwa ndooni.
Mama naye aling'oa, mkono wake mwepesi kushinda wetu,
lakini akifika pembe ile, karibu na mkondo,
mgongo unanyooka,
anafunga upya kanga kiunoni,
anahamia mstari mwingine.
Kila mwaka. Pembe ya upana wa mkeka wa mtoto.
Nikamwambia: mama, umeruka.
Akasema: nimechoka.

Mwaka huu akaja msichana wa chuo, Raya,
na magazeti makuukuu ya kukaushia majani,
daftari, kalamu kaining'iniza shingoni kwa uzi.
Akachutama penye pembe, baibui likaroa.
"Mwauitaje huu, hapa kwenu?"

Shangazi akacheka: gugu nalo lina jina?
Mimi nikatazama mpunga.
Mama akanawa tope, kidole kimoja kimoja,
hata nikadhani hakusikia.
Kisha akasema: "Mwache."

Raya akaondoa mkono haraka, akaomba radhi.
"Sikukukataza, mwanangu. Ndilo jina. Andika."

Mmea hauambiwi hivyo. Mmea ungekuwa *uache*.
Nilishinda na neno lile siku nzima,
nikipepeta, nikiteka maji, nikikoka moto,
mpaka usiku nikakumbuka. Nilikuwa na miaka mitano:
beseni la maji ya moto,
mkunga anatoka, uso kauinamisha,
mkeka mdogo ukakunjwa, ukapandishwa darini,
na siku ya saba
ambayo hatukuchinja.

Asubuhi tukarudi bondeni.
Saa tatu, maua yakafunguka.
Nilipofika penye pembe nikanyoosha mgongo.
Shangazi akaniita: we, umeruka!

Nimechoka, nikasema.